Taya la Mtu Mwingine

Manukato hakuwa na jino linalouma. Aliingia kliniki ya meno asubuhi ile kwa sababu mbili za msingi: kulikuwa na feni, na kulikuwa na gazeti la bure. Mtu wa kazi yake hahitaji ofisi. Anahitaji mahali pa kukaa ambapo watu wazima wana wasiwasi, maana mwenye wasiwasi husema mambo ambayo hajaulizwa. Benki ni pazuri, ila kuna mlinzi mlangoni. Hospitali ni pazuri, ila panamharibia suti. Kliniki ya meno ina kila kitu: hofu, viti vya sponji, na harufu ya mafuta ya karafuu.

Jina lenyewe alipewa na mji. Marashi yake yalifika mahali dakika mbili kabla yake na kuondoka nusu saa baada yake, jambo lisilo la busara hata kidogo kwa mtu ambaye mara kwa mara hutafutwa.

Alikuwa ukurasa wa michezo aliposikia ugomvi nyuma ya ukuta wa mbao nyepesi.

"Mwanangu, sisi tunang'oa, tunaziba, tunasafisha mizizi. Basi," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima. "Mgonjwa akija na jino linalouma, nataka picha ya jino hilo. Sitaki picha ya ukoo mzima."

"Shangazi, dunia imebadilika."

"Meno hayajabadilika. Yalikuwa thelathini na mawili nilipoanza kazi, mpaka leo ni hayo hayo."

Manukato akashusha gazeti. Kwa dakika kumi alizosikiliza akajua yote yanayopaswa kujulikana. Mashine ya zamani ya kupigia meno picha ilikuwa imekufa. Mezani kwa Daktari kulikuwa na karatasi tatu za matangazo. Ya kwanza ilikuwa ya kijisahani kidogo kinachowekwa mdomoni, kikapiga jino moja au mawili, picha ikatokea kwenye kompyuta papo hapo. Hicho ndicho alichokitaka Shangazi. Ya pili ilikuwa ya mashine kubwa inayozunguka kichwa na kupiga taya zima kwa mkupuo. Hiyo ndiyo iliyomnyima Daktari usingizi, kwa kuwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameinunua na kuitundikia bango. Ya tatu ilipiga taya kama vile umelikata vipande kama mkate, na bei yake ilimfanya hata Daktari aigeuze chini juu asiione.

"Wagonjwa wangu wanavuka barabara, Shangazi! Kwa macho yangu nawaona wanavuka!"

"Wavuke. Wakishapigwa picha watarudi kung'olewa. Yule hana mkono mwepesi kama wako. Na usisahau, hela hizi ni kiinua mgongo changu. Nimeinamia vinywa vya watu miaka thelathini na minane kukipata. Sitakiinamia tena."

Hapo Manukato akalikunja gazeti taratibu, akalirudisha mezani, na akamwambia dada wa mapokezi kwamba jino limeacha kuuma lenyewe, Mungu mkubwa.

Moja kwa moja akaenda kwa Fundi Baridi.

Fundi Baridi alikuwa mtengenezaji wa mafriji, mtu mpole, mwenye mikono inayoweza kufufua chochote chenye waya. Kwa miaka sita alikuwa akifanya kazi na Manukato kwa mpango huu: yeye anatengeneza, Manukato anaongea. Friji kuukuu likitoka mikononi mwa Fundi linagandisha. Likitoka mdomoni mwa Manukato limeshuka bandarini jana. Fundi hakuupenda mpango huo sana, lakini hakuwa na maneno ya kuukataa. Maneno yote alikuwa nayo mwenzake.

"Ile mashine uliyonunua chakavu, kwenye hospitali iliyofungwa," alisema Manukato. "Ile yenye mkono unaozunguka kichwa. Inafanya kazi?"

"Inazunguka."

"Nimekuuliza kama inafanya kazi."

"Nami nimekujibu inazunguka, kaka. Kile kinachotoa mionzi kilishang'olewa. Imebaki mota na mapambo. Ni jogoo wa plastiki, hawiki."

"Na kompyuta yake?"

"Inawaka. Ina picha moja tu ndani, ya taya."

"La nani?"

"Nitajuaje? La mtu."

"Basi inatosha," alisema Manukato. "Meno ni meno."

Katika historia ndefu ya makosa ya binadamu, maneno hayo matatu yanastahili ukurasa wao peke yao.

Kesho yake alirudi kliniki, safari hii na mkoba wa ngozi, na marashi yake yakamtangulia kumsalimia Daktari. Alijitambulisha kuwa mwakilishi wa watengenezaji, bila kutaja ni watengenezaji wa nini. Daktari, kijana mnene kidogo mwenye macho ya mtu anayetaka sana kuheshimiwa, akamkaribisha kiti. Shangazi, mwembamba, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, hakumkaribisha kitu.

"Daktari, mimi sikuja kuuza," alianza Manukato. "Anayeuza ni machinga. Mimi nimekuja kuchagua. Tumeambiwa tuchague kliniki moja tu katika mji huu."

"Moja?"

"Moja. Na mashine yenyewe haitumii mionzi hata chembe."

"Isiyotumia mionzi inaonaje ndani ya mfupa?" aliuliza Shangazi.

"Mama yangu, popo anaonaje gizani? Kwa mwangwi! Sauti inakwenda, sauti inarudi."

"Popo anaona ukuta asijigonge. Hajawahi kuniambia jino lina mizizi mingapi."

Manukato akacheka kwa adabu, akamgeukia Daktari, maana mvuvi hahangaiki na samaki aliyekwisha kuona ndoana. Bei aliyoitaja ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwenye karatasi. Daktari akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba adanganywe, kwa nini ni rahisi hivyo. Manukato akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, akapumua.

"Nisingependa kusema. Ila kuna mwenzako mmoja, karibu sana na hapa, naye ameulizia. Anataka kubadilisha ile yake."

Daktari aliukaribia ukingo wa kiti mpaka kikataka kupinduka.

"Mnaileta lini?"

"Alhamisi asubuhi. Mnaiona inapiga picha mbele ya macho yenu, mnaridhika, mnatoa hundi. Hamjaridhika, tunabeba, tunavuka barabara."

Shangazi alimtazama mpwawe kwa muda. Alikuwa amemlea yeye, huyu mtoto wa kaka yake, tangu akiwa na meno ya utotoni. Alijua akikataa leo, atanuniwa mpaka mwaka kesho, na mwaka kesho mtu mwingine atakuja na mashine nyingine.

"Waje," alisema. "Hundi itakuwepo."

Alhamisi walifika na mashine ndani ya gari la kubebea mizigo. Fundi Baridi alikuwa ameipaka rangi nyeupe mara mbili na kuifungia taa za buluu. Aliposukuma swichi, mkono ule mkubwa ukajizungusha taratibu, kwa madaha, ukinguruma.

"Mbona inanguruma kama friji?" aliuliza Shangazi.

Fundi Baridi akainamisha kichwa. "Inajipoza, mama," alisema Manukato haraka.

Mtu wa kujaribiwa alikuwa Manukato mwenyewe. Asingeruhusu aingie mtu mwingine hapo katikati. Alisimama ndani ya mashine kama mfalme anayevishwa taji. Shangazi mwenyewe akamletea kile kijiti cha kuuma ili kichwa kitulie. "Fungua," alisema, na Manukato akafungua. Shangazi alichungulia humo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akakiweka kijiti.

Mkono ukazunguka. Taa za buluu zikapepesa. Fundi akabonyeza kitufe, na kwenye skrini ikatokea picha ya taya zima, safi, kila jino na mizizi yake, kama watu waliojipanga kwa picha ya mahafali.

"Mungu wangu," alinong'ona Daktari. "Angalia ilivyo kali!"

"Hilo ni taya langu," alisema Manukato kwa unyenyekevu. "Nalitoa kwa ajili ya sayansi."

Daktari akasogea karibu, na kadiri alivyosogea ndivyo tabasamu lilivyopungua. Akaacha kuwa mnunuzi, akawa daktari. Alinyoosha kidole.

"Hili gego la mwisho, chini kushoto. Limelala chali ndani ya mfupa. Na hiki kivuli cheusi chini yake... Kaka, husikii maumivu?"

"Mimi? Hata kidogo."

"Lisilouma ndilo baya," alisema Shangazi kwa huzuni kubwa. "Hilo linakula mfupa kimyakimya. Siku jipu lake likipasuka, usaha unashuka shingoni. Nimemwona mtu mmoja alikuja hapa Jumatatu anacheka."

"Halafu?"

"Halafu Jumanne hakucheka."

Manukato akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kweli, jino lile lilikuwa limelala kama mlevi mtaroni. Jasho jembamba likamtoka. Alijua si lake, lakini kujua si dawa. Ulimi wake wenyewe ukaanza kulitafuta gego kule nyuma, kwa siri, kuhakikisha.

"Basi nitakuja wiki ijayo tulishughulikie," alisema. "Sasa, habari ya hundi..."

"Mimi siwezi kufanya biashara na mtu aliyebeba kifo mdomoni," alisema Daktari, na alimaanisha. "Ni kiapo. Kaa kwenye kiti."

"Labda picha si yako?" aliuliza Shangazi.

"Ni yangu, mama! Ya nani tena?"

"Au mashine imekosea?"

"Haijawahi kukosea!"

"Basi kaa, baba."

Hapa inabidi tumwonee huruma kidogo. Upande mmoja alikuwa na kinywa kizima, upande wa pili hundi, na katikati kiti. Akikataa kukaa, amekiri. Akapiga hesabu zake upesi: sindano ni sindano tu, inaisha baada ya saa chache. Atachomwa, atapewa hundi, kisha atashikwa na kizunguzungu, atoke nje kupunga upepo, na upepo ule autafute mji mwingine.

Shangazi, kana kwamba amemsoma, alitoa hundi kwenye mkoba wake akailaza kwenye sinia, kando ya koleo.

"Naweka saini ganzi ikishaingia," alisema.

Manukato akakaa. Kiti kile kilikuwa kimeharibika siku nyingi, hakipandi wala hakishuki, na Daktari alikuwa akifanya kazi ameinama kama anayepalilia. Fundi Baridi, ambaye hakuwahi kukivumilia kitu kilichoharibika mbele yake, alikuwa tayari ameshapiga magoti na kuingiza kichwa chini ya kiti na bisibisi. Hakuna aliyemkataza.

Sindano ya kwanza ikaingia kushoto.

"Na kulia pia," alisema Shangazi.

"Kulia kwa nini?" alishangaa Manukato. "Jino si liko kushoto?"

"Ulimi ukitikisika, koleo huteleza. Na huu wako, baba, unatikisika sana."

Daktari alisita, akamtazama shangazi yake. Tangu aanze kazi hajawahi kumwona akikosea kitu kwenye chumba hiki. Akachoma na kulia.

Baada ya dakika tano mdomo wa chini ulikuwa umemuaga Manukato. Baada ya kumi, ulimi. Ule ulimi uliouza friji moja kwa ndugu wawili, ulimi uliowahi kumshawishi askari amsindikize mpaka kituo cha basi na kumbebea begi, sasa ulikuwa umelala kinywani mwake kama soksi iliyolowa. Alikumbuka hundi.

"Huhi, hama," alisema.

"Nihame?" alisema Shangazi. "Mimi nihame kwenye kliniki yetu?"

"Hahaha! Hihihehi..."

"Anacheka," alisema Shangazi. "Ganzi nzuri. Mwanangu, kabla hujashika koleo, hesabu meno. Kama nilivyokufundisha. Hesabu ya mdomoni, kisha ya kwenye picha."

Daktari akachukua kioo kidogo, akamulika. Alihesabu kwa sauti, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

"Humu ni ishirini na tisa."

"Na kwenye picha?"

"Thelathini na mawili." Akaigusa skrini kwa kidole. "Hili gego la kwanza chini kushoto humu halipo. Liling'olewa zamani, fizi imeshapona. Kwenye picha lipo. Na kwenye picha kuna jino la juu limezibwa kwa madini. Humu hakuna jino lililozibwa."

"Labda yameota akiwa anazungukwa," alisema Shangazi.

Daktari akashusha kioo.

"Huyu mtu," alisema polepole, "ana taya la mtu mwingine."

Ni wakati huo huo kiti kikakohoa, kikatetemeka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne kikaanza kupanda juu, kikimwinua Manukato mbele ya wote, mikono imeng'ang'ania pembeni, macho yamemtoka. Fundi Baridi akachomoza kichwa.

"Ilikuwa waya tu," alisema. "Umelegea." Kisha akaona nyuso zao, akaelewa, akabaki hapo hapo kwa magoti.

Daktari alijitupa kwenye kigoda chake cha magurudumu. Hasira haikuja kwanza. Ilikuja aibu, na masikio yalimwiva.

"Ulijua lini, Shangazi?"

"Alipouma kijiti niliona pengo, na picha ilipotokea pengo halipo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungeniambia Shangazi ni wa zamani, haelewi mashine. Nilitaka uone kwa macho yako. Macho yako ni mazuri sana, mwanangu, yakiangalia mdomo. Yanaharibika yakiangalia ng'ambo ya barabara."

Daktari alikwenda mezani, akachukua ile karatasi ya kwanza, ya kijisahani kidogo, akamletea shangazi yake kwa mikono miwili.

"Tuagize hiki," alisema. "Na polisi niwapigie?"

"Polisi wakija wataibeba mashine iwe ushahidi, tusiione tena. Wewe, Fundi. Mota ya hicho kitu ni nzima?"

"Nzima kabisa, mama. Nimeisuka mwenyewe."

"Pampu yetu ya upepo ina mwezi haitoi upepo."

Fundi akaitazama pampu pale kwenye kona, na macho yake yakawaka kama ya mtu aliyeonyeshwa mchumba. "Inaingia," alisema. "Nikikata hapa na hapa, inaingia."

"Ahaa! Hehe hundi!" alipiga kelele Manukato kutoka juu.

Shangazi akachukua karatasi na kalamu. "Tufanye mambo kwa maandishi. Baba, unaiachia kliniki mashine hii kwa hiari yako, iwe zawadi? Daktari, mwangalie koo."

Daktari akaanza kuelewa, na tabasamu likamrudia. "Fungua kinywa," alisema, akakandamiza ulimi kwa kijiko. "Sema aah."

"Aaah!"

"Amekubali," alisema Shangazi akiandika. "Na hatarudi hapa akiwa mzima au mgonjwa?"

"Aaaah!"

"Na sindano mbili atazilipia mapokezi?"

"AAAH!"

"Sijaona mtu muungwana hivi," alisema Shangazi, akampa kalamu. Mkono haukuwa na ganzi. Manukato alimtazama yeye, akaitazama simu mezani, akatia saini.

Nje jua lilikuwa kali. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, leso kidevuni, akimsubiri Fundi Baridi. Hakuwa amevunjika moyo. Mashine imekwenda, haya. Mashine ni chuma. Miji ipo, na wajinga huzaliwa bila kupangiwa. Mradi yupo Fundi wa kutengeneza, na ganzi itaisha, kesho kutakuwa na jambo lingine.

Fundi alitoka baada ya saa nzima. Mikono ilikuwa na grisi, na uso ulikuwa na kitu ambacho Manukato, kwa miaka sita, hakuwahi kukiona usoni pale.

"Kaka," alisema, akakaa kando yake. "Pampu imewaka. Yule mama amelia, unajua? Amelia kweli, halafu akanikaripia nisikanyage sakafu yake. Wana chumba kule nyuma. Wanataka nikae, niwe fundi wao, na kuna kliniki nyingine wanazozijua hazina fundi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Miaka yote hii nimetengeneza vitu, na kila aliyenunua aliambiwa ni vipya. Hakuna aliyejua kama nimevigusa. Leo mtu amesimama pale, ameona kibovu, ameona mikono yangu, ameona kizima. Sijui nikuelezeje. Wewe ndiye mwenye maneno. Ila naona... naona nibaki."

Manukato alishtuka kuliko alivyoshtuka kwenye kiti. Hotuba ikamjia kichwani papo hapo, na ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kutoa: ilianza na urafiki, ikapita kwenye njaa waliyokula pamoja, ikaweka methali katikati na machozi mwishoni, machozi ya kweli safari hii. Hakuna binadamu angeisikia akabaki. Akamshika Fundi bega, akamtazama machoni, akafungua kinywa.

"Hundi. Ha-hiha hehe hihuhi. Hahi haha hiha..."

Aliendelea hivyo kwa dakika tatu, kwa moyo wote, mate yakimtiririka. Fundi Baridi alisikiliza ameinamisha kichwa, hakumkatiza hata mara moja. Mwisho macho yake yalikuwa yamelowa.

"Asante, kaka," alisema. "Nilikuwa naogopa kukuambia. Sikujua ungenibariki hivi."

Akaichukua ile leso, akamfuta kidevu vizuri, pande zote mbili, akaikunja na kumwekea mfuko wa mbele wa koti. Kisha akarudi ndani kazini.